MCHEZA KWAO HUTUNZWA: JE, MWALIMU WA MUZIKI ATATUNZWA NA NANI?

Neno "tuzo" halikuzaliwa ofisini. Limezaliwa uwanjani, penye ngoma. Kumtunza mchezaji ni kumwendea katikati ya duara, mbele ya macho ya watu, na kumpa ulicho nacho kwa sababu umemwona anacheza na moyo wako umeridhika. Ndiyo maana wahenga wakasema: mcheza kwao hutunzwa. Anayetunza ni yule aliyeona. Anayetunzwa ni yule aliyecheza. Na umma uliozunguka ndio shahidi. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoipa tuzo heshima yake. Likiondolewa mojawapo, kinachobaki ni karatasi yenye mhuri.

Siku hizi desturi ya kuwateua wahadhiri hodari na kuwapa tuzo za ufundishaji imeenea katika vyuo vikuu vya dunia. Ni desturi njema. Lakini inapomfikia mwalimu wa muziki, hapana budi tuulize: nani amteue, na kwa ushahidi gani? Dai la makala haya ni moja. Mhadhiri wa muziki asiteuliwe na watu wasiomwona akifundisha, kwa vipimo visivyopima ufundishaji. Ateuliwe na walimu aliowalea, na ushahidi wa kwanza uwe ni kile ambacho watoto wa shule wanaweza kukiimba na kukipiga kwa sababu yake.

Tuvitazame vipimo vilivyozoeleka. Cha kwanza ni orodha ya makala alizochapisha mhadhiri, mikutano aliyohudhuria ng'ambo, na shahada alizojipatia. Hivi ni vipimo vya utafiti, navyo ni halali mahali pake. Lakini kumpa mtu tuzo ya ufundishaji kwa sababu ya makala zake ni sawa na kumtunza mpiga ngoma kwa sababu ameandika vizuri habari za ngoma. Cha pili ni fomu ambazo wanafunzi hujaza mwishoni mwa muhula. Zina manufaa yake: zitaeleza kama mhadhiri alifika kwa wakati na kama alisikika. Hata hivyo, mwanafunzi wa muziki hajui bado alichopewa. Atakijua siku atakaposimama peke yake mbele ya darasa la watoto, hana kinanda, hana vitabu, ana sauti yake na viganja vyake tu. Hapo ndipo mhadhiri wake anapofanya mtihani, ingawa mwenyewe hayupo.

Ili jambo hili lieleweke, twende Kabanga, karibu na mji wa Kasulu, katika nyanda za juu za Kigoma, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Dar es Salaam. Kabanga kuna Chuo cha Ualimu. Kijana anayehitimu katika chuo cha namna hiyo huwa ameandaliwa kufundisha shule ya msingi, na mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unampa somo la Sanaa na Michezo. Somo limo katika ratiba. Je, limo kooni na vidoleni mwa mwalimu? Hilo hutegemea mkufunzi wake. Na mkufunzi naye alijifunza kwa mtu, labda katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, ambacho kimejulikana kwa kuwaandaa walimu wa sanaa, labda katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huu ni mnyororo: mhadhiri, mkufunzi, mwalimu, mtoto. Pete ya kwanza ikilegea, anayeanguka ni yule wa mwisho.

Na mtoto wa Buha ana mengi ya kupoteza. Babu zake walikuwa na inanga, ubao uliochimbwa mfano wa sinia refu, ukapitishwa uzi mmoja kutoka mwisho huu hadi mwisho ule mara kadhaa, ukawa nyuzi nyingi. Mpigaji huuweka mapajani au mbele yake, akasimulia habari za watu na za watawala kwa sauti ya chini inayomlazimisha msikilizaji anyamaze. Inanga hujulikana pia kwa Warundi, Wanyarwanda na Wahaya. Ala hii haifundishiki kwa maelezo ya ubaoni. Hufundishika kidole kwa kidole, na mzee mmoja akifa pasipo mwanafunzi, hakuna maktaba itakayomrudisha.

Wapo watakaodhani natia chumvi. Na watazame Buganda. Evaristo Muyinda alikuwa mwanamuziki wa jumba la Kabaka. Alifanya kazi pia katika Jumba la Makumbusho la Uganda, na tangu mwaka 1959 alimfundisha marimba kijana kutoka Austria, Gerhard Kubik, ambaye baadaye alipata sifa duniani kwa utafiti wa muziki wa Afrika. Mwezi Mei mwaka 1966 majeshi ya serikali yalilishambulia jumba la Kabaka huko Mengo, na maisha ya wanamuziki wa jumba yakasambaratika. Muziki ule haukufa wote, kwa kuwa Muyinda hakuwa mpigaji tu. Alikuwa mwalimu, na elimu ilikuwa imekwisha kutoka katika vidole vyake na kuingia katika vidole vya wengine. Kwa kipimo cha shahada, mtu huyu angeachwa mlangoni. Kwa kipimo cha wanafunzi, wangapi wangemfikia?

Hapa kwetu tulikuwa na Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, bingwa wa ilimba na zeze, aliyefariki mwaka 2003. Dunia ilimpigia makofi majukwaani. Sisi tukumbuke pia kazi yake katika Chuo cha Sanaa Bagamoyo, ambako vijana wa makabila mbalimbali walizisikia na kuzishika ala za Wagogo. Makofi ya jukwaani yalikwisha usiku ule ule. Kilichobaki ni vijana.

Najua hoja zitakazoletwa. Watasema: kizuri chajiuza, mwalimu mwema hahitaji kutangazwa. Kizuri hujiuza sokoni, lakini darasa si soko. Mwimbaji husikika redioni, na tangu mwaka 1999 tumekuwa na tuzo za muziki za kumshangilia. Mwandishi naye ametengewa tuzo inayobeba jina la Mwalimu Nyerere. Mwalimu wa muziki kazi yake husikika katika sauti za watu wengine. Asipotajwa na wale waliopokea, hatajwi kamwe.

Watasema tena: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hii ni kweli, nayo inaunga mkono dai langu. Mgema huharibika anaposifiwa na watu wasioonja tembo. Asifiwe na wanywaji, tena baada ya kunywa, hathubutu kutia maji, maana watajua. Kwa hiyo uteuzi na ufanywe na wahitimu waliokwisha kufundisha shuleni miaka mitatu au minne. Hao wanajua ladha.

Watasema mwisho kwamba muziki haupimiki. La! Unapimika sana. Faili la mteuliwa liwe na mambo manne. Kwanza, orodha ya wahitimu wake wanaofundisha muziki, na shule walizopo. Pili, nyimbo na ala ambazo wanafunzi wake waliweza kuzifundisha, wala si kuzitaja tu. Tatu, sauti zilizorekodiwa za watoto wa shule hizo, ili kamati isikie badala ya kusoma. Nne, ushuhuda wa fundi wa jadi aliyealikwa na mhadhiri darasani, akalipwa ujira wake na kutajwa kwa jina lake. Mhadhiri aliyemwingiza mpiga inanga chuoni kwa heshima amefundisha mara mbili. Na ikiwa atatuzwa, fundi yule atuzwe pamoja naye. Elimu ya watu wawili isivikwe taji la kichwa kimoja.

Mambo haya si mageni katika taifa letu. Mwezi Desemba mwaka 1962, alipolihutubia Bunge mara tu baada ya kuwa Rais, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa, akasikitika kwamba waliosoma walifundishwa nyimbo za Wazungu kuliko za watu wao. Tangu wakati huo tumeunda vyuo, mabaraza na mitaala. Lakini nyimbo haziishi katika wizara wala katika mitaala. Huishi katika watu wanaozifundisha, na watu hao huishi vizuri zaidi wakijua kwamba kazi yao inaonekana.

Basi, ninyi walimu wanafunzi wa Kabanga na wa vyuo vingine, na ninyi mlio sekondari mkisoma muziki au mkiutamani tu, msisubiri kamati iwafikie. Mkitambua kwamba wimbo mnaoufundisha mlipewa na mkufunzi fulani, mwulizeni naye alipewa na nani. Andikeni barua. Tajeni jina la mhadhiri huyo, tajeni wimbo, tajeni idadi ya watoto wanaouimba. Nanyi mlio katika kamati za vyuo vikuu, barua ya namna hiyo ikifika kutoka Kasulu, isiwekwe chini ya orodha ya makala zilizochapishwa. Iwekwe juu, kwa kuwa imetoka kwa walioiona ngoma yenyewe.