Hitilafu ipandwe mzizini

Mhandisi anayepima saketi ya kujumlisha namba mbili za biti 32 hawezi kujaribu kila jozi ya namba. Mashine inayojaribu jozi bilioni moja kwa sekunde ingemaliza baada ya miaka zaidi ya 580. Kwa hiyo hufanya ujanja: huchukua waya mmoja kwenye mchoro, hujifanya kwamba umekwama kwenye 0, kisha huufuata uongo huo unavyopita lango kwa lango hadi ujitokeze kwenye jibu. Halafu huukwamisha kwenye 1. Nyaya elfu moja ni hitilafu elfu mbili tu za kuchunguza, kazi nyepesi kwa kompyuta. Saketi halisi haziharibiki kwa adabu namna hiyo, na wenye fani wanalijua hilo. Hata hivyo njia hii imedumu tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na naona ubora wake uko hapa: hupanda hitilafu pale inapoanzia, ikaiacha itembee yenyewe.

Ndege ya Boeing 737 MAX inaonyesha gharama ya kufanya kinyume. Mfumo wake wa MCAS ulisukuma pua ya ndege chini kila ulipoamini imeinuka kupita kiasi, na katika kila safari ulisikiliza kihisi kimoja cha pembe ya ndege dhidi ya hewa, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Si kweli kwamba kampuni haikuwazia hitilafu. Iliwazia, ikaipima kwa kuiigiza. Lakini bodi ya Marekani ya usalama wa usafiri ilieleza Septemba 2019 kwamba kilichoigizwa ni pua kushuka. Kihisi kinachodanganya, chenye kuleta balaa lote, hakikuigizwa. Marubani wa majaribio walipewa dalili moja, tena safi. Tarehe 10 Machi 2019, ndege ya aina hiyo ya Ethiopian Airlines iliyokuwa ikienda Nairobi ilikuwa ndiyo kwanza imeruka Addis Ababa pale kihisi cha kushoto kiliposoma nyuzi zaidi ya 74, cha kulia kama 15. Usukani wa rubani ukaanza kutetemeka, vipimo vya mwendo na kimo vya pande mbili vikapingana, kisha pua ikasukumwa chini. Walikufa watu 157, Wakenya 32 miongoni mwao. Chini ya miezi mitano kabla, Lion Air ilikuwa imepoteza watu 189 Indonesia katika ndege ya aina hiyo hiyo.

Wapo wanaosema rubani hodari angezima swichi za kuukata mfumo huo. Hao wa Ethiopian walizizima, ila ndege ilikuwa imeshika kasi kubwa mno na gurudumu la mkono la kurekebisha pua likawashinda. Rubani naye ni sehemu ya mtambo, apimwe katikati ya makelele yote ambayo hitilafu huyaleta. Hoja nzito zaidi ni kwamba hakuna awezaye kuwazia kila kosa, na kujaribu ni gharama. Kweli, lakini kihisi kimoja kusema uongo si kosa la kuotea. Ndilo la kwanza kwenye orodha. Ndege hizo ziliporudi angani, programu mpya ililinganisha vihisi vyote viwili: vikipishana kwa nyuzi 5.5 au zaidi, MCAS hunyamaza. Ni hesabu ya kutoa.