Harusi Imerudi Nyuma ya Nyumba, na Si Juu ya Mtindo

Cheki grupu zako za WhatsApp saa hii. Kama uko miaka 24 kwenda juu, lazima uko kwa moja ya harusi. Halafu kuna ya matanga, kuna ya bili ya hosi, na kuna ile ya fisi ya binamu ameitwa chuo. Wasee ni wale wale, namba ni zile zile, na mweka hazina ni yule anti mmoja hachoki kutuma emoji ya mikono imeshikana.

Hapo ndipo harusi ya kishua iliangukia. Kitambo kamati ilikuwa inakaa hotelini Jumapili jioni, soda kwa meza, mwenyekiti anapiga mnada wa keki na msee anabid ngiri tano juu mdosi wake ako hapo anaangalia. Itisha mkutano kama huo leo uone. Utapata watu wanne na bili ya soda.

Usidanganywe, zile bustani za kukodisha za Karen na Limuru bado zinajaa wikendi. Lakini mabeshte wangu wengi wanafungia ndoa kwa boma ya mathe, nyuma ya nyumba, kati ya migomba na tangi ya maji. Instagram itakushow ni mtindo: watu wachache, maua ya shambani, bibi harusi bila viatu. Kwa ground ni payslip. Chukua msee analipwa 40,000. SHA inakula asilimia 2.75, hiyo ni 1,100. Nyumba za serikali asilimia 1.5, hiyo ni 600. Jumla 1,700 kila mwezi, na hatujagusa PAYE wala NSSF. Kwa mwaka ni 20,400. Hizo ni mbuzi za harusi, na zimeenda kabla hata doh ifike kwa simu. Sasa huyo ndiye tunamwambia achange ngiri mbili kwa grupu nne.

Sista yangu anaolewa Disemba, ushago, nyuma ya nyumba. Mkutano wa kupanga ulichukua masaa manne, na mambo ya harusi yenyewe yalikuwa kama dakika arobaini. Zingine zote zilikuwa risto za maisha. Anti ameuza ng'ombe alipe fisi. Binamu amemaliza digrii na saa hii anauza viatu vya mtumba. Mzee wa jirani amenunulia kijana wake pikipiki ya mkopo, na mkopo unamkimbiza kuliko pikipiki.

Halafu kuna anko. Huyu tulikuwa tumemsema vibaya sana. Miezi mitatu anasoma meseji za grupu na hajibu, hachangi, hata "amina" haandiki. Akiwa anamenya viazi, bila kuinua kichwa, akasema kazi iliisha Mei. Hakuwa ameambia mtu. Ile orodha ya waliochanga, jina na kiasi, ilikuwa inatumwa kila Ijumaa jioni, na kila Ijumaa alikuwa anazima data.

Mimi nafikiri hiyo orodha ndiyo mbaya kuliko uchumi wenyewe. Inaitwa uwazi, lakini kazi yake ni aibu. Msee akisota, kitu ya kwanza anapoteza si harusi, ni watu wake, juu hawezi ingia mahali jina lake halina namba mbele. Tulikubaliana orodha isome jumla tu. Anko amechukua kazi ya kuchimba mashimo ya jiko na kufunga tenti, na sasa anajibu meseji hadi zenye hazimhusu.

Na hii mambo si rahisi vile inakaa kwa picha. Tenti, viti na sufuria tunatoa kwa chama cha akina mama, bei ya wanachama. Chapati ni za akina anti, watakesha wakikanda. Lakini choo ni moja, mvua ikinyesha nyuma ya nyumba ni matope, na boma ya ushago haina geti ya kuangalia kadi ya mwaliko. Ukipikia 80, pikia 150. Mtu akipita barabarani asikie muziki, huyo ni mgeni. Ukimfukuza, utaongelewa hadi mtoto wako aolewe.

Kata maua, kata keki, kata suti za kufanana. Kitu moja tu usikate ni cheti. Wengi wetu tumekaa kejani miaka mitatu, minne, mtoto ako nasari, na tunajiambia sheria inatutambua. Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya watu wawili walikaa pamoja zaidi ya miaka 20, na ikasema kukaa pamoja kutachukuliwa kuwa ndoa mara chache sana, na ni lazima uthibitishe. Msee wako akiaga, ama mkikosana juu ya ploti, utakuwa unatafuta majirani waje kortini wakutetee.

Na si lazima uwe na ganji ndefu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inasema kama mila inataka mahari, hata kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuonyesha mmeoana. Mkishamaliza sherehe ya kimila mko na miezi mitatu ya kujulisha msajili. Kama mnaenda kwa msajili moja kwa moja, notisi ni siku 21, so usiende wiki ya harusi. Na kama ni mchungaji anawafungia hapo chini ya migomba, muulize mapema kama ako na leseni ya kufungisha ndoa. Ako na sauti poa, sawa, lakini leseni?

Sista yangu na chali yake washapeleka notisi. Imebaki mathe akubali hiyo idadi ya wageni 80. Kwa mkutano alitingisha kichwa kama amekubali. Jumapili iliyofuata akatangazia kanisa lote.