Ukipewa Nishani, Pewa na Jina Lake

Ninapanga chumba Kensington, mashariki mwa jiji la Johannesburg, katika mtaa ambao vita vya zamani havijaondoka kabisa. Barabara zake zina majina kama Roberts na Kitchener, na kilimani Caledonia upo mnara wa askari wa Scottish Horse waliokufa katika Vita vya Makaburu vya 1899 hadi 1902. Si ajabu basi kwamba katika nyumba kongwe za huku wapo wazee wanaokusanya nishani, beji, kofia za chuma na vifungo vya sare.

Mwenye nyumba wangu ni mmoja wao. Vitu vyake vingi hakununua, alipewa. Mama fulani amefiwa na mume, watoto wamehamia ng'ambo, anakuja na kopo la biskuti limejaa nishani: chukua wewe, utazitunza. Naye huzitunza kweli, huzipangusa vumbi kama mtu anayeosha mtoto.

Jumamosi moja aliniita nimsomee kitu. Ilikuwa nishani ya fedha ya Vita Kuu ya Kwanza. Ukingoni palichongwa namba, herufi K.A.R., na jina moja tu, jina ambalo ukiliita kwetu Tanga vijana kumi wataitika. Aliyempa hakumwambia ilitoka wapi. Pengine ililetwa na mmoja wa askari wa Afrika Kusini waliokwenda kupigana Afrika Mashariki chini ya Jenerali Smuts mwaka 1916. Pengine ilinunuliwa sokoni miaka mingi baadaye. Aliniuliza, "Huyu ni mtu wa wapi?" Sikuwa na jibu. Nilibaki nimeishika mkononi, nikamkumbuka bibi yangu.

Baba yake bibi alikuwa K.A.R. katika Vita vya Pili, akapelekwa Burma. Alirudi na nyota ya shaba yenye utepe, akaifunga kwenye kitambaa, na alipofariki ikabaki kwa bibi. Siku moja alifika mgeni kutoka Ulaya, akakaa wiki mbili. Aliiona ile nyota, akaisifu sana. Nanyi mnajua adabu za wazee wetu: mgeni akikisifu kitu mara tatu, mwenyeji hulala na deni. Bibi alimpa. Hata leo hajutii kutoa. Anachojutia ni kwamba hakuna aliyeandika chochote, si jina la mzee wala kijiji.

Na hapo ndipo penye shida. Nyota za Vita vya Pili walizopewa askari wetu hazikuchongwa majina. Za askari wa Afrika Kusini zilichongwa. Vita vile vile, mfalme yule yule, na wote walikuwapo Ethiopia na Madagaska. Lakini ya mmoja inajulikana ni ya nani, ya mwingine ni kipande cha shaba tu. Leo nyota ya mzee wetu ikiwekwa mezani pamoja na nyingine mia, hata bibi hataitambua.

Kwa hiyo naandika kwa wakusanyaji, na kwa sisi tunaotoa. Hoja yangu ni moja: zawadi ya nishani bila habari za mwenyewe ni nusu zawadi, na anayeipokea bila kuuliza anashiriki kumpoteza mtu.

Wapo watakaosema zirudishwe zote, kila kitu kiende makumbusho. Sikubaliani nao. Mwenye nyumba wangu hakuiba. Bila watu kama yeye, nyingi zingekwisha kuyeyushwa kwa sonara. Na kilichotolewa kwa moyo hakidaiwi kama kilichoporwa. Kilichoporwa kina hesabu yake: fimbo za Koitalel Samoei, kiongozi wa Wanandi aliyeuawa mwaka 1905, zilikaa Uingereza katika familia ya afisa aliyemuua, Meinertzhagen, hadi mwanawe alipozirudisha Kenya mwaka 2006. Lakini angalia: ziliweza kurudi kwa sababu ilijulikana ni za nani. Hata haki huhitaji jina ili ijue iende wapi.

Wengine watasema, jina moja la askari lina faida gani baada ya miaka mia? Wawaulize watu wa hapa hapa. Meli ya Mendi ilipozama tarehe 21 Februari 1917, walikufa zaidi ya watu 600, wengi wao vibarua weusi wa kikosi cha Afrika Kusini. Serikali yao ya wakati ule ilikataa watu weusi wa kikosi hicho wasipewe nishani. Na kwetu, wapagazi wa vita ile wamebaki na jina la soko, Kariakoo. Mahali ambapo wengi hawakupewa hata kipande cha chuma, kile kimoja chenye jina ni ushahidi mkubwa.

Napendekeza mambo matatu mepesi. Kwanza, anayetoa aandike karatasi moja: ya nani, wa wapi, alipigana wapi, nani ametoa, mwaka gani. Pili, anayepokea aulize kabla ya kushukuru, apige picha mbele, nyuma na ukingoni, na karatasi ile ikae na nishani daima, hata ikihamia kwa mwingine. Tatu, familia ibaki na nakala ya picha. Kitu chaweza kwenda, habari zake zibaki nyumbani.

Sisi wa chama hiki tuna kazi yetu pia. Mkusanyaji wa Kensington hawezi kujua kwamba jina fulani ni la watu wa pwani, au kwamba neno lililoandikwa nyuma ya picha ni la Kiswahili. Sisi tunaweza. Saa moja ya Jumamosi, daftari na simu yenye kamera vinatosha kuanza.

Nimekwisha kuanza na mwenye nyumba. Ile namba ya ukingoni tumeiandika, na jina, na siku aliyopewa. Kisha nikampigia simu bibi, nikamwomba anisimulie habari za baba yake toka mwanzo, nami nikaandika. Alipomaliza alinyamaza kidogo, akasema, "Mjukuu wangu, mali bila daftari hupotea bila habari." Nyota imekwisha kupotea. Mzee, angalau, sasa yumo daftarini.