Barua ya wazi kwa Waziri wa Utumishi: Nyongeza iliyocheleweshwa haifidiwi na kikokotoo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi,
Ofisi ya Rais, Menejimenti ya Utumishi wa Umma na Utawala Bora,
Dodoma.

Mheshimiwa Waziri,



Nilikuwa mhasibu katika halmashauri ya jiji, na sasa ni mstaafu. Nakuandikia juu ya biashara moja ambayo sijawahi kuiona imeandikwa kwenye mkataba wowote, lakini kila mtumishi wa halmashauri anaifahamu: mshahara usubiri kwanza, pensheni itaboreshwa. Nataka kukuonyesha kwa hesabu kwamba biashara hiyo haina faida kwa mtumishi, na wala haina faida kwa mfuko wa pensheni. Hesabu zenyewe si ngumu. Mtu yeyote mwenye kikokotoo cha simu anaweza kunisahihisha.

Kwanza nikumbushe tulikotoka. Kuanzia 2016 hadi 2021 mishahara ya watumishi wa umma haikupandishwa kwa ujumla wake. Kilichokuja ni nafuu ya kodi: kiwango cha chini cha PAYE kilishuka kutoka asilimia 11 hadi 9 mwaka 2016, kisha 8 mwaka 2021. Kupanda madaraja kulikwama wakati wa uhakiki wa watumishi hewa na vyeti. Tuliambiwa fedha zinakwenda kwenye reli, bwawa la umeme na ndege. Sina ugomvi na reli. Ninachosema ni kwamba miaka ile tuliichangia kwa mishahara iliyosimama, na mchango huo haumo kwenye kitabu chochote cha serikali.

Katikati ya kipindi hicho, Agosti 2018, mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF. LAPF ulikuwa mfuko wetu sisi wa serikali za mitaa. Kanuni zilizofuata zilileta mkupuo (malipo ya mara moja mtu anapostaafu) wa asilimia 25, kelele zikawa kubwa, na tarehe 28 Desemba 2018 Rais Magufuli akakutana na viongozi wa vyama vya wafanyakazi na kuzisimamisha mpaka 2023. Tulishangilia. Tulishangilia kurudishiwa kilichokuwa chetu tangu awali, na katika furaha ile suala la nyongeza ya mshahara likapotea kabisa.

Halafu ukaja Julai 2022. Mwezi huo huo kima cha chini kilipanda kwa asilimia 23.3, huku walio juu yake wakiambulia asilimia ndogo zaidi, na mwezi huo huo kikaanza kutumika kikokotoo kipya cha pensheni: 1/580 kwa kila mwezi wa utumishi badala ya 1/540, kizidisho cha mkupuo cha 12.5 badala ya 15.5, na mkupuo wa asilimia 33 badala ya 50. Juni 2024 Waziri wa Fedha akalitangazia Bunge kwamba waliokuwa kwenye asilimia 50 watapewa 40, na wanachama wa mifuko mingine, waliokuwa kwenye 25, watapewa 35. Tukapiga makofi tena. Kima cha chini kilibaki shilingi 370,000 mpaka Julai 2025 kilipofika 500,000, kufuatia tangazo la Rais Samia siku ya Mei Mosi pale Singida.

Ukizipanga tarehe hizo unaona mtindo. Kila mezani panapokuwa na mambo mawili, tunapewa moja na kuombwa tulisubiri la pili, kana kwamba mshahara na pensheni ni vitu viwili tofauti. Hapo ndipo kosa lilipo. Pensheni yetu hukokotolewa kutoka kwenye wastani wa mshahara wa mwaka wa miaka mitatu bora ndani ya miaka kumi ya mwisho ya utumishi. Ukiugusa mshahara umeigusa pensheni.

Mchukue mtumishi aliyefanya kazi miaka 30, yaani miezi 360, anayestaafu akiwa na mshahara wa shilingi 1,000,000. Nitaacha nyongeza ndogo za kila mwaka ili hesabu isomeke. Kwa kikokotoo cha zamani angepata mkupuo wa milioni 62 na pensheni ya 333,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 33 anapata mkupuo wa milioni 30.7 na 416,000 kwa mwezi. Kwa asilimia 40 ya sasa anapata milioni 37.2 na 372,000 kwa mwezi.

Sasa turudi kwenye asilimia 33 ile iliyolaaniwa nchi nzima, ila safari hii mtumishi huyo awe alipandishiwa mshahara kwa asilimia 20 kwa wakati, akastaafu akiwa na 1,200,000. Mkupuo wake ni milioni 36.9, pensheni yake ni 499,000 kila mwezi. Linganisha na mwenzake wa asilimia 40 asiye na nyongeza: mikupuo yao inakaribia kulingana, lakini kwenye pensheni ya mwezi mwenye nyongeza anamzidi mwenzake kwa karibu 127,000, maisha yao yote. Na hapo sijahesabu mshahara mkubwa aliokuwa akiula kabla ya kustaafu. Miaka miwili tulipigania asilimia saba za mkupuo. Nyongeza ya kawaida, iliyokuja kwa wakati wake, ingetupa zaidi.

Kuchelewa nako kuna bei yake. Tuseme nyongeza hiyo ya asilimia 20 ilistahili kuja miaka mitatu kabla hajastaafu, ikaahirishwa miaka miwili, akaipata mwaka wa mwisho tu. Kwanza amekosa 200,000 kwa miezi 24, ambazo ni milioni 4.8. Wengi huishia hapo, husema yaliyopita yamepita. Lakini wastani wake wa miaka mitatu nao umeshuka kutoka milioni 14.4 hadi 12.8, kwa hiyo kwa kanuni ya asilimia 40 mkupuo unapungua kwa karibu milioni 5, zaidi ya mshahara wenyewe aliokosa. Kisha kila mwezi anapokea pungufu ya takriban 49,700 mpaka siku atakapofariki. Nyongeza moja, miaka miwili tu, imekatwa mara tatu. Hakuna malimbikizo yanayorekebisha hilo kama wastani haukurekebishwa, na walioserereshwa madaraja baadaye, yaani waliopandishwa kufidia miaka waliyokwama, wanajua kwamba mserereko ulimsaidia aliyebaki kazini, ukampita aliyekwisha kustaafu.

Wataalamu wako wa mfuko watajibu kwamba mfuko lazima ulindwe, watu wanaishi miaka mingi zaidi siku hizi, na huwezi kulipa kilichozidi kilichochangwa. Wana haki, na nitakwenda mbali kuliko wenzangu wengi watakavyopenda: pensheni kubwa ya mwezi na mkupuo mdogo ni mpango bora kwa mzee kuliko kinyume chake. Nimeona mikupuo ikiisha kabla ya mwaka kwisha. Lakini jiulize kwa nini mtumishi anauthamini mkupuo kuliko kitu kingine chochote. Ni kwa sababu hiyo ndiyo fedha pekee kubwa atakayoishika maishani. Nyumba hakuijenga akiwa kazini, kwa kuwa mshahara uliishia kwenye kodi ya nyumba, ada na nauli, na mkopo wa benki ulimaliza kilichobaki. Anangoja afikishe miaka 60 ili ajenge. Ugomvi wa mkupuo, Mheshimiwa, ni ugomvi wa mshahara uliovaa nguo nyingine. Mlipe mtu vizuri akiwa na miaka 35, hatakuzonga kuhusu asilimia akiwa na 59.

Na hoja ya kulinda mfuko inawageukia wanaoahirisha. PSSSF hupokea asilimia 20 ya mshahara, 15 kutoka kwa mwajiri na 5 kutoka kwa mtumishi. Mshahara ukisimama miaka sita, michango nayo inasimama miaka sita. Kisha inakuja nyongeza kubwa ya mara moja, kama ile ya asilimia 35.1 ya kima cha chini ya Julai 2025, na baada ya miaka mitatu mtumishi anastaafu kwa mshahara ambao kwa sehemu kubwa ya utumishi wake haukuchangiwa. Mfuko unalipa kwa kipimo cha juu baada ya kupokea kwa kipimo cha chini. Kwa hiyo nyongeza ndogo ya kila mwaka ni nzuri kwa mtumishi na ni nzuri kwa mfuko. Rais alipotangaza Mei Mosi ya 2023 kule Morogoro kwamba nyongeza za mwaka zirejeshwe, alifanya jambo kubwa kuliko vichwa vya habari vilivyosema.

Kuna miji iliyopita njia hii ya kununua utulivu wa leo kwa ahadi ya kesho. Jiji la San Diego huko California, mwaka 1996 na tena 2002, lilipatana na bodi ya mfuko wake wa pensheni lichangie pungufu ya kilichohitajika, huku watumishi wakiongezewa mafao. Pande zote zilitoka kwenye kikao zikiwa na furaha, kwa kuwa aliyetakiwa kulipa hakuwepo ukumbini. Pengo lilivuka dola bilioni 1. Meya Dick Murphy aliondoka madarakani mwaka 2005, na Novemba 2006 mamlaka ya masoko ya mitaji ya Marekani ikaamua kwamba jiji liliwapotosha wanunuzi wa hatifungani zake kwa kuificha hali ya mfuko. Mwaka 2012 wapigakura wakawaondolea pensheni karibu waajiriwa wote wapya isipokuwa polisi, hatua iliyokuja kubatilishwa mahakamani baada ya miaka ya kesi. Detroit ilikuwa mbaya zaidi: ilifilisika mwaka 2013, na wastaafu wa kawaida wa jiji wakakatwa asilimia 4.5 ya pensheni waliyokwisha kuanza kuipokea.

Usiseme hayo ni ya Wamarekani. Utumishi wetu wa umma ulianza kuchangia pensheni mwaka 1999. Deni la waliofanya kazi kabla ya hapo lilikaa juu ya mfuko kwa zaidi ya miaka 20, mpaka mwishoni mwa 2021 Serikali ilipotoa hatifungani maalumu isiyo ya fedha taslimu ya shilingi trilioni 2.17. Naipongeza kwa hilo. Lakini watumishi walipoambiwa mwaka uliofuata kwamba mkupuo upungue ili mfuko usimame, hawakuwa wao waliochelewa kulipa.

Mheshimiwa, hatuombi upendeleo. Tunaomba kwamba kuanzia sasa, kila pendekezo linaloletwa kwenye Baraza la Majadiliano ya Pamoja likigusa mshahara, lije na ukurasa mmoja unaoonyesha litafanya nini kwenye pensheni ya mtu wa miaka 57, wa 45 na wa 30. Likigusa pensheni, taarifa ya mtaalamu wa takwimu bima iwekwe wazi kabla ya saini, isomwe na vyama vya wafanyakazi vya TALGWU, CWT na TUGHE, na isomwe na sisi pia. Viongozi wetu wa vyama nao wana lao la kujibu: mara nyingi mno wamerudi mikoani wakitangaza ushindi wa asilimia bila kutuonyesha asilimia ya nini.

Walio kwenye malipo ya mapato ya ndani ya halmashauri wana shida yao ya ziada, maana kuna waajiri wanaokata mchango na kuchelewa kuupeleka. Hilo halihitaji majadiliano. Sheria ipo, itumike kwa wakurugenzi kama inavyotumika kwa wafanyabiashara.

Na lipo kundi moja ninaloliombea kwa jina la haki: waliostaafu kati ya 2016 na 2023, ambao miaka yao mitatu bora, yote au kwa sehemu, iliangukia kwenye kipindi cha mishahara iliyosimama. Hao walikwisha kutoka kazini, hawana chama kinachowaita Mei Mosi. Agiza PSSSF na ofisi yako wawakokotolee upya wastani, kana kwamba nyongeza zao za kawaida za mwaka zilikuja kwa wakati, na mtuambie gharama yake ni kiasi gani. Kama fedha haipo, semeni haipo, na mtaje itapatikana lini.

Taarifa hiyo ingefaa kuwa mezani kwa wabunge kabla ya kusomwa bajeti ya wizara yako. Naomba jibu lako liwe la wazi, kama ilivyo barua hii.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mhasibu mstaafu wa halmashauri ya jiji.

Nakala: Katibu Mkuu, TALGWU.