Mbao za Nje: Kenya na Tanzania Katika Mchoro Mmoja

Ukiweka thamani ya mbao zinazoagizwa na Kenya kando ya ile ya Tanzania, mwaka baada ya mwaka, ni rahisi kutoa hukumu: Tanzania inajitosheleza, Kenya imemaliza misitu yake. Naikataa hukumu hiyo.

Kwanza, tunahesabu nini? Forodha huweka magogo, mbao na plaiwudi katika sura ya 44, karatasi katika sura ya 48, na samani katika sura ya 94. Ukitazama sura ya 44 pekee, Tanzania inapendeza. Ongeza karatasi, na sifa hiyo inapungua. Kiwanda cha karatasi cha Webuye nchini Kenya kilifungwa mwaka 2009. Tanzania ina kiwanda cha Mgololo, Mufindi, lakini kazi yake kubwa ni karatasi ngumu za mifuko na maboksi. Karatasi za kuandikia na kuchapia bado zinaletwa na meli. Kwa hiyo nchi yenye misindano kila kilima cha Iringa hulipa dola ili mtoto apate daftari.

Pili, kuna siasa. Februari 2018 William Ruto, akiwa Naibu wa Rais, alitangaza kusimamishwa kwa ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii kwa siku 90. Siku hizo zikaongezwa tena na tena, hadi yeye mwenyewe, sasa Rais, akatangaza Julai 2023 kuiondoa marufuku. Katika miaka hiyo yote watu wa Nairobi hawakuacha kuezeka nyumba. Mbao zilitoka mashamba ya watu binafsi, na nyingine zikavuka mpaka kutoka Tanzania, Uganda na Kongo. Sehemu ya bili ya Kenya, basi, ni gharama ya kulinda misitu yake kwa kupeleka msumeno kwa jirani.

Na Tanzania, mmoja wa majirani hao, haikubahatika tu. Shamba lake la miti la Sao Hill lilipanuliwa sana miaka ya 1970, na baadaye wakulima wa Njombe, Makete na Mufindi wakapanda misindano yao wenyewe. Hapa ndipo ninapoona hatari ambayo mchoro hauioneshi: mkulima anayedaiwa ada ya shule huuza mti wa miaka kumi, wakati msindano unahitaji takriban miaka ishirini au zaidi kutoa mbao imara. Uagizaji mdogo wa leo unaweza kuwa unalipwa kwa miti michanga, na deni hilo halipiti forodha.

Sarafu nayo inadanganya. Dola moja ilikuwa karibu shilingi 100 za Kenya mwaka 2018. Januari 2024 ilifika takriban 160. Mchoro wa shilingi ungepanda hata kama idadi ya mbao isingebadilika hata kidogo. Tena kuna malori yanayopita njia za panya, ambayo hayamo katika hesabu ya nchi yoyote.

Anayetaka kulinganisha nchi hizi mbili na aweke mita za ujazo kando ya dola, atenganishe karatasi na mbao, kisha agawanye kwa idadi ya watu: Tanzania ilihesabu milioni 61.7 mwaka 2022, Kenya milioni 47.6 mwaka 2019. Waziri anayepanga sera ya misitu kwa mstari mmoja wa thamani anapaswa kuurudisha kwa wataalamu wake.