Hesabu ya Siku na Hali ya Nafsi

Ziko nyumba ambamo mke au binti hubadilika kila mwezi: hulia bila ya sababu, hukasirika upesi, wala hapendi kusemeshwa. Wako wasemao kuwa ni tabia mbaya, na wako wasemao kuwa amepandwa na jini. Kabla ya kuhukumu, na tuitazame kalenda.

Wanawake wengi huona dalili nyepesi kabla ya hedhi, na hayo si maradhi. Lakini wachache hupatwa na dhiki nzito ya nafsi, ambayo madaktari wa akili wa Marekani waliitia rasmi katika kitabu chao cha maradhi mwaka 2013. Haitokani na wingi wa homoni. Bali ubongo huathirika mno kwa kupanda na kushuka kwake kwa kawaida.

Alama yake ni wakati. Huja katika juma la mwisho kabla ya hedhi, huanza kupungua siku chache baada ya damu kuonekana, na juma lifuatalo hedhi mwanamke huwa mzima. Sonona haina miadi hiyo: hudumu karibu kila siku, kwa majuma mawili au zaidi, hedhi ije isije. Na yuko wa tatu, mwenye sonona ambayo huzidi kila hedhi ikaribiapo. Huyu baadaye hupata nafuu, lakini hapati uzima. Na akidhaniwa kuwa ni kama yule wa kwanza, asili ya maradhi yake huachwa bila ya dawa.

Kukumbuka tu hakutoshi. Madaktari hutaka hali iandikwe kila siku, kwa muda wa hedhi mbili kwa uchache. Mwanamke wa Kiislamu tayari huhesabu siku za hedhi na tohara kwa ajili ya sala na saumu. Basi kila jioni na aongeze neno moja kando ya hesabu hiyo: huzuni, hasira, au utulivu. Daftari hilo ampelekee daktari. Dawa zipo, na baadhi yake huweza kumezwa katika majuma mawili yaliyo kabla ya hedhi tu.

Nanyi waume, msilifanye daftari hilo kuwa silaha. Si kila lalamiko la mke latoka katika hedhi. Na akisema kuwa afadhali afe, msingoje mwisho wa mwezi: mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.