Mungu Si Mganga wa Duara

Aishiye karibu na machimbo ya Geita au Kahama hahitaji kufundishwa habari za masharti. Mwenye duara, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, aliyekosa mali miezi mizima humwendea mganga, naye hupewa orodha: mbuzi wa rangi fulani achinjwe, mwanamke asikaribie mdomo wa duara, wachimbaji wasioge wala wasilale na wake zao kabla ya kushuka. Kila mganga ana orodha yake, lakini mapatano ni yaleyale: timiza, upewe. Dhahabu isipoonekana, mganga hana kosa. Lazima yupo aliyevunja sharti.

Sasa nikiyatazama makanisa yetu, naona mapatano hayohayo yamevaa nguo za Jumapili. Mtu ameacha pombe, ametoa fungu la kumi, amefunga siku tatu. Kisha anamgeukia Mungu kama anayedai mgao wake pale mwaloni, mawe ya dhahabu yanakooshwa. Akiukosa, anahama kanisa kutafuta mchungaji mwenye maombi makali zaidi. Huyo amebadili mganga tu. Bado hajamjua Mungu.

Chanzo chake nakielewa. Kampuni kubwa kama Geita Gold Mine, iliyoanza kuzalisha mwaka 2000, ina wanajiolojia na maabara. Mchimbaji mdogo ana sululu, kamba na tetesi. Anashuka bila kujua kama mwamba una kitu au ni mtupu, na bila kujua kama kuta zitashika hadi jioni. Mwenye hofu ya namna hiyo hupenda aambiwe neno la hakika: fanya hili, utapata lile. Lakini hofu haiponi kwa kuongezewa masharti. Huzoea na kukubali mazito zaidi. Kanda yetu ya Ziwa inajua hofu hiyo ilikofika. Watu wenye ualbino waliuawa kwa sababu kuna walioahidiwa utajiri kwa viungo vyao, hata Januari 2015 serikali ikapiga marufuku waganga wapiga ramli. Nasi hatuwezi kujitetea kwamba hayo yalitendeka mahali pasipo makanisa.

Wala kosa hili halikuzaliwa machimboni. Wamisionari wa Africa Inland Mission walipoanza kazi Nassa, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1909, Msukuma aliyetaka ubatizo alitakiwa aache pombe, tumbaku na ngoma. Baadaye, kule Bujora, Padre David Clement aliziingiza ngoma za Kisukuma katika sikukuu ya Ekaristi. Kama wokovu ungekaa katika kucheza ngoma au kutoicheza, upande mmoja ungekuwa umepotea wote. Hakuna mwenye akili atakayesema hivyo. Miiko ya wamisionari ilipingana; Baba aliyehubiriwa alikuwa mmoja.

Fungua kitabu cha Ayubu, sura ya 28. Utawakuta wachimbaji kana kwamba mwandishi alisimama Nyarugusu: watu wanaotoboa miamba mbali na makazi, wakining'inia gizani, wakitafuta kinachong'aa. Kisha twaambiwa kwamba hekima haichimbwi huko, wala dhahabu haiinunui. Na kumbuka sura hiyo imo katika kitabu gani. Rafiki watatu wa Ayubu walimjia na hoja ya mganga: umepatwa na msiba, basi kuna ulichovunja, kitafute. Mwishoni Mungu aliwakasirikia wao waliotetea kanuni, akamkubali Ayubu aliyelalamika. Kwa nini? Wale walizungumza habari za Mungu. Ayubu, hata katika uchungu wake, alizungumza na Mungu mwenyewe.

Likumbukeni duara la Nyangalata, wilayani Kahama. Liliporomoka tarehe 5 Oktoba 2015. Siku ya 41 watu watano walitolewa wakiwa hai. Mwenzao aliyefukiwa pamoja nao alikuwa amekwisha kufa. Nani atathubutu kwenda kwa wafiwa awaambie kwamba ndugu yao alikosa sharti, na wale watano walikuwa safi? Kama ulimi wako unaona haya kuyasema, basi moyo wako nao uache kuyaamini.

Katika Luka 15 yumo kaka mkubwa, ambaye wengi tunampita haraka. Hakutapanya mali, hakuvunja agizo hata moja. Lakini siku ya furaha alisimama nje akihesabu miaka aliyotumika na mbuzi ambaye hakupewa. Aliishi nyumbani kwa baba yake kama kibarua. Naogopa kwamba viti vya mbele makanisani vimejaa akina kaka huyu.

Mtu atauliza: basi amri zifutwe? Hasha. Mwenye kumpenda baba yake hafanyi asilolipenda baba, wala hangoji orodha. Upendo hudai zaidi ya orodha. Orodha ya kanisa yaweza isitaje mchimbaji mwenzako aliyevunjika mguu naye hana mkataba, wala zebaki inayotiririka kutoka mwaloni hadi kwenye maji ya kunywa, wala mtoto anayetwanga mawe saa za shule. Mshika orodha hulala usingizi. Anayemjua Mungu hawezi, maana hao wote ni watoto wa Baba yuleyule.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kesho kabla ya kushuka, sema na Mungu bila kumtajia bei. Mwambie unaogopa. Mweleze deni lako na ugomvi wako na mkeo, kama anavyoeleza mtu aliye nyumbani kwao. Enyi wachungaji, acheni kuuza hakika msiyokuwa nayo. Msimwambie mtu kwamba sadaka yake itapasua mwamba. Mali ikitoka, kila mtu apate mgao wake wa haki. Isipotoka, asiwepo wa kusingiziwa laana, wala mwanamke wala mzee mwenye macho mekundu, na sala ya jioni isikome. Mungu hakuahidi mawe yenye dhahabu. Aliahidi kuwa pamoja nasi, na kwa ahadi hiyo hatutozwi kitu.